Mara Tatu ya Mkata Nyasi

4 Februari

Mume wangu,

Pokea salamu za mke wako mkubwa. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi halitaki kukanyaga pedeli ya cherehani mpaka nilibembeleze kwanza. Duka linakwenda. Nimemaliza sare za shule na sasa nashona jezi za duru ya pili. Shangazi yako amejifungua tena, mtoto wa kiume, na amechukua masikio yako, maskini. Mwambie baba yako kwamba mama yake bado yu hai, kama amesahau. Tangu ahamie kwako huko mjini salamu zake zinanifikia kidogokidogo, kama chumvi ya mgonjwa wa presha.

Najua una simu. Nami ninayo. Lakini simu yangu ndiyo ya klabu, na ikilia hapa dukani wachezaji wanatega masikio kabla sijasema haloo. Barua naifunga kwa gundi mwenyewe.

Sasa sikiliza. Jumamosi tulikwenda kucheza na wale Matajiri. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda nguzo za taa. Televisheni ilikuwepo, na yule mtangazaji mwenye tai alitutaja mara nyingi, zote vibaya. Tulifungwa moja tu, tena penalti ya kuonewa. Mpira ulipokwisha nikamwuliza mhasibu wao, "Na sisi wageni chetu kipi?" Akanipa katoni ya maji. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Viingilio vyote ni vya mwenyeji, na fedha za televisheni zinafuata msimamo wa ligi: wa kwanza anabeba gunia, wa mwisho anaokota zilizomwagika. Halafu wanazitumia hizo hizo kuja kutunyang'anya wachezaji. Mwaka jana walimchukua beki wetu kwa mshahara ambao kwetu ungelipa timu nzima, na wala hawamchezeshi. Amekaa benchi kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Nimesikia hapo Bodi ya Ligi, mwanasheria wangu wa kiti cha kuzunguka, mnaandika kanuni mpya ili mapato yagawanywe na mishahara iwekewe ukomo. Andika, mume wangu. Sisi ukomo tunao tangu enzi za babu yako. Katiba ya klabu inasema hakuna mchezaji atakayelipwa zaidi ya mara tatu ya mshahara wa mkata nyasi wa uwanja, na hatujawahi kugombania mishahara hata siku moja. Lakini msimu ujao tusipopata mgao, timu inakufa. Hapo sikutanii, nasema kama mwenyekiti. Na kiti hiki, nilishasema mbele ya watu, nitakiacha siku nitakapobebwa.

Naishia hapa kwa sababu huyo mkata nyasi mwenyewe, Mzee Fyekeo, ameanza tena kufyeka chini ya dirisha la duka langu, hapa ukingoni mwa uwanja. Uwanja mzima ule, yeye kila siku ni hapa hapa. Goli la huku nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto. Goli la kule mpira ukiingia tunautafuta kwa mikono.

Mke wako wa halali,
Bibi


26 Februari

Bibi, mke wangu wa tangu utotoni,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta ofisini, na Katibu wa Bodi akauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia nasoma sheria.

Huku hatujambo. Baba anaendelea na mafriji yake. Sebule yangu imejaa mashine za watu, na tukitaka kukaa tunakalia friji la mwalimu. Jumapili anacheza mpira na wazee wenzake. Anarudi anachechemea na kusema kosa ni la kiatu. Anakusalimu. Hiyo nimeongeza mimi, lakini ningemwuliza angesema hivyo.

Rasimu iko mezani kwangu. Nusu ya fedha za televisheni itagawanywa sawasawa kwa klabu zote, na nusu nyingine itafuata msimamo kama zamani. Timu ngeni itapata theluthi ya viingilio. Na kila klabu itakuwa na ukomo wa jumla ya mishahara ya wachezaji, ili Matajiri wasiweze kununua kila mwenye miguu miwili. Mwenyekiti wao alikuja hapa juzi, amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Anasema wao wamejenga jina kwa jasho lao, kwa nini wawagawie wavivu? Kura zitapigwa Aprili, na zinatakiwa theluthi mbili za ndiyo. Ukija mkutanoni, tafadhali usiniite mume wangu mbele ya wajumbe. Nina cheo.

Bibi, nina swali moja la kikazi. Mzee Fyekeo analipwa kiasi gani? Na mara ya mwisho alipandishwa lini?

Na la pili si la kikazi. Hivi yeye ana mke?

Mumeo mwenye wivu,
Mjukuu


3 Mei

Mume wangu mwenye cheo,

Sijambo, duka halijambo, na mtoto wa shangazi yako ameota jino na ameshamng'ata nalo baba yake. Nimechelewa kuandika kwa sababu tangu nirudi mkutanoni watu hawaniachi. Kila anayekuja kupunguza suruali anataka nimsimulie upya, nami siwezi kumnyima mteja.

Nilikuona kule nyuma na faili lako, ukijifanya hunijui. Nami nilijifanya sikujui, ingawa kola yako ilikuwa imekaa upande na mkono uliniwasha. Basi yule mwenyekiti wa Matajiri alipomaliza maneno yake ya jasho na jina, nikaona watu wanaanza kutikisa vichwa vya kukubali. Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia tu, "Ndugu yangu, jina mmejenga, hatukatai. Lakini Jumamosi watu wanalipa kiingilio kuangalia nini? Wanakuja kuwaona ninyi mkipasiana wenyewe kwa wenyewe? Sisi tukifa, na yule akifa, na wale wakifa, mtabaki mabingwa wa kufanya mazoezi." Ukumbi ukacheka, na mimi mwenyewe nikacheka, kisha nikaona hata mhasibu wao wa maji anacheka ndani ya leso.

Kumi na mbili wakasema ndiyo, wanne hapana. Nililia, nakwambia ukweli. Nililia kwenye ngazi za ule ukumbi, na yule mtangazaji mwenye tai akanipa kiti.

Tuliporudi, wachezaji walinibeba kutoka stendi mpaka dukani. Mzee Fyekeo alikuwa amesimama getini. Akavua kofia. Mtu mzima kuvua kofia tu, ndiyo nini?

Kuhusu swali lako la kikazi, hilo ni jambo la ndani la klabu. Kuhusu la pili, mkewe alifariki zamani, Mungu amrehemu. Unauliza ya nini?

Mke wako mshindi,
Bibi


21 Mei

Wewe,

Salamu baadaye.

Nimevaa miwani na kuzisoma kanuni zenu zote, mpaka zile za herufi ndogo. Kifungu cha kumi na moja kinasema kila klabu ilipe mishahara ya wachezaji isiyopungua kima cha chini, na itakayoshindwa kuonyesha mikataba yake ifikapo mwisho wa Agosti haipati mgao, na leseni yake inasimamishwa. Nimepiga hesabu mara tatu, mara ya pili na mweka hazina, mara ya tatu na mwalimu wa hesabu aliyekuja kuchukua koti. Sisi hatufiki hata nusu ya hicho kima!

Yaani nimesimama mbele ya wajumbe, nimepigania kisima, kumbe nimekichimba ili nitumbukie mwenyewe. Mlikuwa mnaweka dari, nani aliwatuma kuinua na sakafu? Nitajie mwenye akili hii aliyeandika kifungu cha kumi na moja. Nataka jina lake, na vipimo vyake, nimshonee kanzu ya kubana.

Bibi


24 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Huku Baba alipata mafua, amepona. Friji la mwalimu limeshachukuliwa, sasa tunakalia la mwenye bucha.

Najua nimekaa kimya mwezi mzima. Nilianza kukuandikia kwamba kifungu hicho kililetwa na kamati. Nikachana. Nikaandika kwamba kilitoka chama cha wachezaji. Nikachana hiyo pia. Bibi, aliyekiandika ni mimi. Na nilikipa namba ya kumi na moja makusudi. Unajua ni nani aliyevaa namba hiyo kwenye timu yetu.

Baba alicheza winga kwenu mpaka goti likamshinda. Timu nyingine zilimtaka, akabaki kwa sababu mwenyekiti alikuwa baba yake, kisha mama yake. Alilipwa mara tatu ya mkata nyasi, kama katiba inavyosema, na kila mtu akajisifu kwamba hapa kwetu hakuna tamaa. Sawa. Lakini mkata nyasi mwenyewe alikuwa analipwa nini? Mlimfunga mchezaji kwenye mguu wa Mzee Fyekeo, halafu mkamsahau Mzee Fyekeo. Hajawahi kuomba nyongeza, kwa hiyo hamkuwahi kumpa, kwa hiyo Baba naye hakupata, wala hao vijana ulio nao sasa. Nakumbuka nilivyokuwa mdogo, Baba akitaja mezani mshahara ambao winga kama yeye alistahili, na nyote mkimcheka. Alikuwa anacheka na yeye. Mimi nilikuwa namwangalia usoni.

Ukomo ni kitu kizuri, Bibi, nimeuandika kwa moyo wote. Ila ukiweka dari bila sakafu, anayeumia si Tajiri. Matajiri walipokatwa ulipiga vigelegele. Mkuki kwa nguruwe.

Kanuni siwezi kuibadilisha, na hata ningeweza nisingeibadilisha. Lakini dawa ni rahisi. Mgao wa kwanza unatoka Septemba, nanyi mnachotakiwa kuonyesha Agosti ni mikataba tu. Mpandisheni Mzee Fyekeo mshahara. Akipanda yeye, dari ya wachezaji inapanda pamoja naye mara tatu, na hamtagusa hata neno moja la katiba ya Babu.

Nakupenda, na kanzu nitaivaa.

Mjukuu wako


10 Julai

Mume wangu,

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi mzima sikukagua nguo. Hatujambo wote.

Kuhusu baba yako, mpe kifurushi kilichokuja na barua hii. Asikifungulie juu ya friji la mtu.

Ushauri wako niliupokea, kwa sababu hasira hailipi leseni. Niliita kamati, tukakubaliana kumpandisha Mzee Fyekeo kiasi cha kutufikisha kwenye hicho kima chako. Nikamwita hapa dukani, nikamkalisha kwenye stuli ya wateja, nikamsomea mshahara mpya. Ungemwambia mtu mwingine angeruka. Yeye akanisikiliza hadi mwisho, akaiangalia kofia yake, akasema, "Mwenyekiti, ahsante. Sitaki."

Nikasema, "Hutaki nyongeza?"

Akasema, "Sitaki nyongeza, na huo wa zamani pia sitaki tena. Kuanzia mwezi huu nafyeka bure."

Mume wangu, umeona? Bure! Mweka hazina alikuwa nyuma ya pazia anapima suruali, akatoka na mguu mmoja ndani ya suruali na mmoja nje, anapiga kelele, "Mara tatu ya sifuri ni sifuri!" Na kweli. Kwa katiba yetu, tangu mwezi huu hakuna mchezaji wa timu hii anayeruhusiwa kulipwa hata senti. Mshambuliaji wetu Kijiko alipopata habari alikwenda uwanjani na kumpigia magoti yule mzee, akimsihi apokee mshahara kwa ajili ya watoto wake. Mzee akamwinua, akamwambia, "Mwanangu, hili si la mpira."

Tumejaribu kuajiri mtu mwingine. Tulimpata, mwenye nguvu zake. Kila asubuhi akifika na fyekeo lake anakuta Mzee Fyekeo ameshamaliza na anakunywa maji chini ya dirisha langu. Wiki haikuisha, yule bwana akaaga, akasema hawezi kulipwa kwa kuangalia. Na fyekeo la klabu lenyewe mzee hataki kulikabidhi. Katiba hairekebishwi mpaka mkutano wa wanachama wa Desemba, na Agosti iko mlangoni. Timu ya babu yako inakwenda kufa kwa sababu mtu mmoja hataki pesa.

Sijui ana nini. Mimi kwa kweli simwelewi.

Mke wako aliyechanganyikiwa,
Bibi


25 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni, kwa sababu friji la bucha limechukuliwa.

Nisamehe, nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaacha kucheka, maana nimemwuliza Katibu kwa kuzungukazunguka kama kuna msamaha kwa klabu yenye matatizo ya mkata nyasi, akaniambia mikataba isipofika kufikia tarehe thelathini na moja Agosti, leseni inasimama. Hata ingekuwa klabu ya mama yake. Na ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nitakayesoma majina ya klabu zilizokosa. Sitaki kulisoma la kwetu, Bibi. Nalala nalo, naamka nalo.

Kifurushi nilimpa Baba. Alifungua akakuta jezi yake ya zamani, namba kumi na moja, na akaona umeiachia kiunoni na kuongeza kitambaa kwapani ili imkae. Aliivaa juu ya shati la kazi, akatengeneza nayo friji siku nzima. Jioni aliniuliza kifungu cha kumi na moja kinasemaje, nikamsomea. Akaniambia nirudie.

Sasa la Mzee Fyekeo. Bibi, wewe unatambua uzi wa rangi mbaya kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu anafyeka kila siku chini ya dirisha moja. Anavua kofia getini. Ana fursa ya kulipwa vizuri na mwenyekiti, anasema hataki kulipwa na mwenyekiti hata kidogo. Una hakika humwelewi?

Mwulize. Usimwulize kama mwenyekiti.

Mumeo, ambaye ameanza kuona dalili zote za kuachwa,
Mjukuu


20 Agosti

Bibi,

Kimya chako kinanitisha. Simu ya klabu inapokelewa na Kijiko, anasema uko "kwenye mazungumzo" na anakata huku anacheka. Mikataba ya klabu kumi na tano imeshafika.

Halafu Baba ametoweka. Ijumaa alichukua begi, akasema anakwenda kununua gesi ya mafriji, na mpaka leo hajarudi. Wenye mafriji wananifuata mimi. Kama yuko huko niambie, kama hayuko niambie vilevile.

Mjukuu


30 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu,

Usishtuke kwamba sikukuita mume. Soma polepole, utafika.

Sisi wazima wote, na baba yako yuko hapa, mzima, amekula vizuri. Mwambie kila mwenye friji asubiri. Bahasha kubwa aliyoileta dereva wa basi pamoja na barua hii ndiyo mikataba. Ihesabu mwenyewe, halafu endelea.

Umeihesabu? Haya.

Nilikaa na swali lako siku nyingi. Nilishona kola tatu ndani nje, mimi, ambaye sijakosea kola tangu nianze kazi. Mwisho nikatoka na stuli, nikaenda kukaa pale anapofyeka. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, leo hapa hakuna mwenyekiti. Una nini?"

Akaendelea kufyeka kidogo, kisha akasimama. Akasema, "Nimekufyekea dirisha miaka yote hii nikitafuta neno. Neno nimeshalipata, ila nitakuposaje wakati kila mwisho wa mwezi nasimama mbele yako mkono wazi? Mshahara ukiwa mdogo naona haya, ukiwa mkubwa ndiyo nitaona haya zaidi. Nikaona niuache kabisa."

Nikamwambia, "Ungesema mapema, nyasi za goli la kule zisingefika magotini."

Tulicheka sana. Kisha nikamweleza Kijiko na watoto wake, na Agosti inayokwisha, na timu. Nikamwomba amkabidhi mtu mwingine fyekeo. Akasema, kwa mzaha wake ule wa chinichini, "Fyekeo hili nitamwachia mke wangu tu, kama nitampata."

Mzaha alioutoa niliuchukua mzima mzima. Niliingia ndani, nikaisoma katiba ya babu yako tena. Hakuna mahali inaposema mkata nyasi awe mwanamume, wala awe kijana, wala awe na magoti mawili mazima. Inasema tu kwamba mwenyekiti hawezi kuwa mwajiriwa wa klabu. Basi hapo, mjukuu wangu, nikabaki na kiti changu upande mmoja na timu upande mwingine. Nilikipenda kile kiti. Nisikudanganye, nilikipenda kuliko mambo mengi, na niliumia. Kiti nilisema nitakiacha nimebebwa, lakini Jumatatu niliingia kwenye kamati, nikasimama, nikatoka kwa miguu yangu, na goti halikuuma.

Sasa wakaanza kuangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa mwenyekiti, kwa sababu kazi ya kwanza ya huyo mwenyekiti ingekuwa kumpangia mshahara mkata nyasi mpya, ambaye ni mimi, nao wananiogopa. Kumbe baba yako alikuwa amekaa tangu ile Ijumaa pale kwa shangazi yako na begi lake la gesi, akipiga moyo konde. Akafungua mlango akiwa na ile jezi. Akasema, "Nipeni mimi."

Hawakubisha. Alikaa, akaomba kalamu. Aliandika namba fulani juu ya karatasi, akaigawa, akaandika ya pili chini yake, akanisogezea ile ya chini. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hii ni nyingi kwa mkata nyasi." Akasema, "Mama, ile ya juu ndiyo ambayo winga angeitaka leo. Nimeigawa kwa tatu tu."

Mjukuu wangu, namba ile niliitambua. Bei za siku hizi ameongeza, lakini ni ile ile aliyokuwa akiitaja mezani. Nilitia sahihi, na yeye akatia sahihi, na hakuna mtu aliyecheka. Mwanangu ndiye aliyenipangia mshahara, na hakunipunja.

Kijiko alipoona mkataba wake mpya alinifuata uwanjani. Anasema, "Bibi, fyeka kwa uangalifu, riziki yangu iko mgongoni mwako." Mzee Fyekeo hagusi kazi yangu. Amekaa kwenye stuli, ananinolea, na ananipa ushauri ambao sijamwomba. Fundi mwingine amepanga nusu ya duka na ndiye anayekaa dirishani siku hizi. Leo asubuhi nilianza na goli la kule.

Tutafunga ndoa kabla ligi haijaanza. Kwa hiyo naomba talaka yangu, iliyoandikwa, yenye muhuri wa Bodi. Umekuwa mume mzuri, ila ulikuwa unachelewa kujibu barua.

Ukishamaliza kusoma majina yenu kesho, kama la kwetu halimo, njoo.

Aliyekuwa mke wako,
Mkata Nyasi